Sukari bila Wakata Miwa

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tanga. Kutwa nzima nashinda na makaratasi ya mizigo: kimeingia nini, kimetoka nini, ushuru kiasi gani, nani anadaiwa. Mtu wa kazi hii akirudi nyumbani ungetegemea afungue gemu la mpira au la mbio za magari, apumzishe kichwa. Mimi nafungua Colonization, na humo nakutana tena na maghala, ushuru na meli zinazochelewa. Mke wangu anasema nimejitafutia kazi ya usiku isiyo na mshahara.

Gemu lenyewe ni la zamani. Lilitolewa mwaka 1994 na kampuni ya MicroProse ya Marekani, likiwa na jina la Sid Meier juu ya kasha, ingawa aliyebeba sehemu kubwa ya ubunifu ni Brian Reynolds. Lilitengenezewa kompyuta za DOS, na picha zake leo zinafanana na vigae vya bafuni. Unaanza mwaka 1492 ukiwa na meli moja na watu wawili ndani yake. Unachagua kuwa Mwingereza, Mfaransa, Mhispania au Mholanzi. Unavuka Atlantiki, unateremka pwani ya Amerika, unajenga koloni la kwanza, la pili, la tano. Ukishanenepa, unatangaza uhuru na kupigana na jeshi la mfalme wako mwenyewe. Njia ya kushinda ni hiyo moja tu. Mwaka 1800 ukikukuta hujatangaza, mchezo umekwisha na wewe bado ni gavana wa mtu.

Tuko wachezaji wachache tunaokutana kwenye duka la fundi wa kompyuta pale Ngamiani, Barabara ya Nane. Yupo fundi mwenyewe, yupo mwalimu wa historia wa sekondari, yupo kijana anayesoma chuo ambaye anatuita sote wazee, nipo mimi wanayeniita Bwana Forodha. Tumeligombania gemu hili miaka mingi, na maoni yetu hayajawahi kukutana sehemu moja. Haya ninayoandika ni yangu, ila mengine nimeyaokota kwenye mabishano yale.

Nianze na sifa, maana zipo, na ni kubwa. Sijaona gemu jingine linaloeleza biashara ya koloni kwa uwazi namna hii. Ukifungua koloni lako unaona mji katikati na viwanja vinane kuuzunguka. Pembeni yako majengo, chini iko bandari na ghala. Unamshika mtu kwa kipanya, unamweka kwenye kiwanja cha miwa. Mwingine unamweka kwenye nyumba ya kutengenezea ramu. Kila mmoja anakula chakula 2 kwa zamu. Ghala lina nafasi ya mizigo 100 ya kila aina, na kinachozidi kinaoza hapo hapo mpaka ujenge ghala kubwa. Meli nayo ina vyumba, kila chumba mzigo 100. Ndani ya nusu saa unaanza kufikiri kama mtu wa bandarini: nipakie nini, niache nini, meli irudi tupu au irudi na zana?

Halafu linakuja somo la bei. Ukipeleka sukari ghafi Ulaya, unapata kidogo, na kila unapozidi kuuza bei inashuka. Ukiigeuza ramu, bei inapanda maradufu na zaidi. Vivyo hivyo tumbaku ikawa sigara, pamba ikawa nguo, ngozi zikawa makoti. Mlowezi wa kawaida akiwa ndani ya nyumba ya kutengenezea ramu anatoa 3 kwa zamu, fundi aliyebobea anatoa 6. Ukijenga kiwanda kamili, miwa 6 inakupa ramu 9. Lakini kiwanda hakijengeki mpaka Adam Smith ajiunge na Kongamano lako, lile baraza la waasisi wanaokusaidia. Mwalimu huwa anasema angeruhusiwa angefundishia gemu hili mada nzima ya uchumi wa kikoloni, na mimi namuunga mkono. Watu wa Tanga tunaijua hadithi hii bila kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi za mkonge kwa mwaka, nyingi zikiondoka ghafi kwenda kusokotwa kamba kwa watu wengine.

Mfalme naye amechorwa vizuri. Kila baada ya muda anakuletea barua: nimeoa tena, au kuna vita, ushuru unapanda. Unaweza kuinama ukabusu pete yake, au ukakataa. Ukikataa, wananchi wako wanautupa mzigo baharini kama Boston walivyotupa majani ya chai mwaka 1773, na tangu siku hiyo bidhaa ile hairuhusiwi kuuzwa kwenye soko la Ulaya mpaka ulipe malimbikizo. Hapo ndipo mchezaji mwenye akili anapojenga nyumba ya forodha. Ruhusa ya kuijenga inakuja na Peter Stuyvesant, mwasisi mwingine wa Kongamano, na ikishajengwa inauza mizigo yenyewe bila kusubiri meli, hata ile mizigo iliyopigwa marufuku. Mara ya kwanza kuona jambo hili nilicheka peke yangu. Maisha yangu yote nimefanya kazi kwenye forodha inayokamata magendo, nami nikaletewa gemu ambalo forodha ndiyo inayoyapitisha.

Mabishano ya taifa gani lichaguliwe hayana mwisho. Fundi ni Mholanzi wa kudumu, kwa sababu Mholanzi anaanza na meli kubwa ya biashara na bei zake Ulaya zinatulia upesi. Kijana anapenda Mhispania, ambaye ana nyongeza ya nguvu anapowashambulia wenyeji. Anateremka tu, anatafuta miji ya Waazteki na Wainka, anachoma, anabeba hazina. Mwalimu anachukua Mfaransa, maana wenyeji hawamkasirikii haraka. Mimi huchukua Mwingereza kwa sababu ya watu: wahamiaji wanajazana gatini upesi kuliko kwa wengine, na koloni bila watu ni ghala tupu.

Kuna malalamiko ya kawaida ambayo kila mchezaji anayo. Katikati ya mchezo, ukiwa na makoloni kumi na kitu, kusukuma mikokoteni ya farasi kutoka mji hadi mji kunachosha. Vita vya mwisho vinachukua muda mrefu, na ukiwa umejipanga vizuri unajua mshindi kabla hata meli za kivita za mfalme hazijatia nanga: unajificha msituni na farasi, wanajeshi wake wanashuka pwani, unawavizia kwenye uwanda. Toleo jipya la mwaka 2008, Civilization IV: Colonization la kampuni ya Firaxis, lilirembesha picha likaharibu hesabu. Kadiri unavyopiga kengele za uhuru, zile zinazowaamsha wananchi waudai uhuru, ndivyo mfalme anavyoongeza askari. Kwa hiyo mchezaji mjanja ananyamaza miaka mingi kama hataki uhuru, halafu anajaza wanasiasa kwenye ukumbi wa mji mwishoni kabisa. Fundi alilicheza toleo hilo mara chache akalifuta. Nadhani alikuwa na haki, ingawa kijana mpaka leo anamwita mkoloni mkongwe kwa ajili hiyo.

Hayo yote ni maoni ya wachezaji kama wachezaji. Jambo ninalotaka kusema ni jingine, na halikunijia mapema. Lilinijia taratibu, kwa sababu ya babu yangu mzaa baba.

Babu alitoka Kasulu kuja kukata mkonge. Alikuwa manamba, kibarua wa mkataba. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye: Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wajerumani, aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika ikiwa hai ni miche 62. Kutoka miche hiyo yakazaliwa mashamba ya Tanga, Pangani, Korogwe mpaka Morogoro. Tatizo la mashamba hayo tangu mwanzo halikuwa ardhi, wala mvua, wala bei. Lilikuwa watu. Wenyeji wa hapa hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa miiba kwa ujira ule. Ikatumika nguvu, ikatumika kodi, zikatumika kadi za kipande za siku 30 za kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyokuwa ikizoa vijana wa Kigoma, Songea na Ruanda-Urundi na kuwaleta kwa malori na garimoshi. Mtu yeyote aliyesoma barua za mameneja wa mashamba atakwambia kwamba nusu ya kazi yao ilikuwa kutafuta mikono, na nusu nyingine kuizuia isitoroke.

Sasa rudi kwenye skrini ya Colonization. Unamweka mtu mmoja kwenye kiwanja cha miwa. Miwa inatoka. Hakuna anayeikata usiku, hakuna anayepoteza kidole kwenye kinu, hakuna anayetoroka. Yule mtu ni mlowezi aliyekuja kwa hiari kutoka Ulaya, na akiwa bingwa wa miwa anatoa nyingi zaidi, basi. Pamba inatoka, tumbaku inatoka, ramu inajaa ghalani. Mazao yale yale matatu yaliyoivuta Afrika kuvuka bahari yamo kwenye gemu, na Mwafrika hayumo hata mmoja. Mwaka 1619, meli ilipofika Point Comfort kule Virginia na Waafrika ishirini na kitu wakabadilishwa kwa chakula, kwenye gemu ni zamu kama zamu nyingine. Unasogeza mkokoteni, unabonyeza, unakwenda 1620.

Wapo wachezaji wanaoona ni afadhali. Mwalimu alikuwa na rafiki aliyesema, na hoja yake ina uzito, kwamba angechukia kuona mtumwa amewekwa kwenye orodha ya bidhaa kati ya farasi na bunduki. Mimi pia ningechukia. Lakini tazama gharama ya ukimya huo. Mchezaji anatoka na imani kwamba utajiri wa sukari ulitokana na kupanga vizuri, kusomesha mafundi na kuwa na ghala kubwa. Mimi mwenyewe nimekaa miaka nikisifu gemu hili kwa ukweli wa hesabu zake za biashara, na hesabu ile ina shimo katikati yake. Ukiondoa gharama ya mikono, bei ya ramu inageuka uchawi.

Gemu lina vibarua, hilo lazima nikiri. Wamo vibarua wa mkataba na wahalifu waliofukuzwa Ulaya. Ndani ya karakana kibarua anatoa 2, mhalifu anatoa 1. Ukijenga shule, mhalifu anasomeshwa akawa kibarua, kibarua akawa mlowezi huru, mlowezi huru akawa fundi. Ni ngazi nzuri, na huwa naona fahari ninapoipandisha. Halafu yumo mwenyeji aliyebatizwa na wamisionari. Yeye karakana inampa 1, sawa na mhalifu, lakini shambani amepewa nyongeza. Sikuwahi kuitafakari namba hiyo mpaka siku mwalimu alipoiwekea kidole. "Bwana Forodha," aliniambia, "hii ndiyo ripoti ya mkuu wa wilaya. Mwenyeji anafaa jembe, kiwanda hakimfai." Kijana akasema ni namba tu za gemu. Mwalimu akamjibu kwamba ripoti za mkuu wa wilaya nazo zilikuwa namba tu.

Wenyeji kwa jumla wamo kwa wingi. Kuna mataifa manane: Wainka, Waazteki, Waarawaki, Wairokwa, Wacherokee, Waapache, Wasioux na Watupi. Unaweza kufanya nao biashara, kumtuma mlowezi wako akajifunze kwao kilimo cha tumbaku au uwindaji wa manyoya. Kila kijiji kinafundisha mara moja. Hapo gemu limesema kweli kuliko vitabu vingi: mzungu alifundishwa kulima Amerika na waliokuwepo. Ardhi yao inatakiwa ilipiwe, mpaka umpate Peter Minuit kwenye Kongamano, yule aliyekinunua kisiwa cha Manhattan mwaka 1626. Akishaingia, hulipi tena. Na mwisho wa mchezo, alama zako zinapunguzwa kwa kila kijiji ulichokichoma. Watengenezaji walihisi kwamba hapo pana deni. Ila hakuna njia ya wewe kuwa Mwirokwa. Wao wanangoja kufanyiwa, kwa upole au kwa moto, kutegemea umeamkaje.

Nimetaja Kongamano mara kadhaa. Ni moja ya vitu vinavyopendwa zaidi: waasisi 25, unawapata mmoja mmoja kwa kengele unazopiga, kila mmoja na zawadi yake. Wachezaji hubishana nani aingie kwanza kama watu wanavyobishana kikosi cha Simba na Yanga. Mimi nimejaribu kuisoma orodha ile kama makaratasi ya mzigo, nikiangalia kisichoandikwa. George Washington anawapandisha cheo askari wako wanaoshinda. Shamba lake la Mount Vernon lililimwa na watumwa. Thomas Jefferson anaongeza kengele, naye hivyo hivyo. Francis Drake anazipa nguvu meli zako za uharamia. Ujana wake alisafiri na John Hawkins aliyekuwa akiwanyakua watu pwani ya Guinea na kuwauza Karibi. Bartolomé de las Casas anawageuza wenyeji wote waliobatizwa kuwa walowezi huru, na kwa kweli alikuwa mtetezi wao mkubwa. Lakini huyo huyo mwaka 1516 alipendekeza waletwe watumwa kutoka nje ili wenyeji wapumue, wakiwemo Waafrika, jambo alilolijutia baadaye kwa maandishi yake mwenyewe. Kila kadi unayoigeuza, Mwafrika yuko nyuma yake.

Na yumo Simón Bolívar. Ukimpata, wafuasi wa uhuru kwenye makoloni yako yote wanaongezeka kwa asilimia 20. Ni kadi tamu. Bolívar wa kweli, aliposhindwa na kukimbia, alipokelewa Haiti mwisho wa mwaka 1815. Rais Alexandre Pétion akampa meli, silaha na watu, kwa sharti moja: popote atakapokomboa, awaache huru watumwa. Haiti yenyewe ilikuwa koloni tajiri kuliko yote ya Ufaransa, koloni la sukari na kahawa. Watumwa wake waliinuka mwaka 1791, na tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines akatangaza uhuru baada ya kulishinda jeshi la Napoleon. Kipindi chote hicho kimo ndani ya miaka ya gemu, ambalo vita vyake vinaruhusiwa kuendelea mpaka 1850. Bolívar amepewa kiti. Toussaint Louverture aliyeongoza mapinduzi yale, Dessalines na Pétion hawana hata kigoda.

Hapo ndipo mabishano yetu ya Barabara ya Nane yalipogeuka kuwa makali. Swali ni hili: uhuru unaoupigania kwenye gemu hili ni wa nani? Makoloni yanamkataa mfalme, kengele zinalia, bendera inapanda, na sisi watu wa nchi zilizotawaliwa tunashangilia kwa mazoea. Mwalimu ndiye aliyemwaga maji baridi. Alitukumbusha masetla wa Kenya, ambao mwaka 1922 na 1923 walipanga kumteka gavana wao, Robert Coryndon, na kuishika nchi, kwa hasira ya kwamba London ilikuwa inafikiria kuwapa Wahindi haki ya kura. London ikajibu mwezi Julai 1923 kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza, na masetla wakanywea. Kisha akatupeleka Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 waziri mkuu wake, Ian Smith, alitangaza uhuru kutoka Uingereza, na tangazo lake liliandikwa kwa kuiga mtindo wa lile la Wamarekani la mwaka 1776. Weupe wachache wakamkataa mtawala wa ng'ambo ili waendelee kuwatawala walio wengi.

"Kwa sheria za gemu hili," mwalimu alisema, "Smith ameshinda. Kengele zilitosha."

Fundi alikataa. Alisema Washington na Smith hawafanani, karne mbili zinawatenganisha, na gemu ni la Washington. Kijana, ambaye sikutegemea angeingia upande wowote, alisema tofauti iko kwenye idadi tu: kule Virginia walowezi waliishia kuwa wengi, Rhodesia hawakuwahi kuwa wengi. Mimi nilikumbuka kwamba mwezi Desemba 1965 nchi yetu ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya tangazo lile la Smith, na ikaukosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Baba zetu walilipa fedha taslimu kwa kukataa kuuita ushindi kile ambacho gemu langu linakiita ushindi. Tangu hapo, kila nikifika kwenye ukurasa wa tangazo la uhuru, najua nimekaa kiti cha nani.

Magemu ya baadaye hayakutatua jambo hili. Anno 1800, lililotengenezwa na Blue Byte wa Ujerumani na kutoka mwaka 2019, ni zuri kupita kiasi. Maji yake peke yake unaweza kuyatazama saa nzima. Nalo lina Dunia Mpya yenye miwa, ramu na pamba, na vibarua wake wanaitwa jornaleros, wanataka ndizi za kukaanga na ponchos na wakizipata wanafurahi. Mwaka 2020 likaongezewa nchi ya Enbesa, iliyobuniwa kwa mfano wa Uhabeshi, yenye mfalme wake mwenye heshima zake. Kijana alifurahi sana kuona Afrika isiyo ya njaa, nami nilifurahi pamoja naye. Lakini ile ramu bado inatoka bila jasho.

Upande mwingine, kuna wachezaji waliolirekebisha toleo la 2008 kwa mikono yao. Mojawapo ya marekebisho hayo, Religion and Revolution, liliingiza watumwa wa Kiafrika kama wafanyakazi. Niliposikia nilidhani dawa imepatikana. Fundi alilipata, tukalifungua, na baada ya saa mbili nikamwambia afunge. Mtumwa yule ni mfanyakazi mwingine wa bei fulani, mwenye nyongeza fulani shambani. Mchezaji anamnunua kwa sababu analipa. Ukweli umeingizwa kwenye hesabu, na hesabu bado ni ya mwenye shamba.

Maoni yangu, kwa hiyo, hayaishii kwenye kuwaongeza au kuwaondoa Waafrika kwenye picha. Kitu kinachokosekana kwenye Colonization ni mkono unaoweza kukataa. Mlowezi wako ana kengele. Ukimtoza ushuru anaungana na wenzake, anakasirika, anatangaza uhuru. Kila kengele ni yake. Mpeni na mkata miwa kengele zake. Kila zamu anayokaa shambani bila hiari, ziongezeke. Zikifika nusu, koloni limwondokee mchezaji, awe ametangaza uhuru wake au bado. Mpeni uwezo wa kutoroka aende milimani kama watumwa wa Jamaica walivyofanya, wakapigana na Waingereza mpaka wakasainiana nao mikataba mwaka 1739. Mpeni uwezo wa kufanya kazi polepole, silaha ambayo babu yangu na wenzake waliijua vizuri. Hapo ndipo bei ya ramu itakapokuwa na maana, na mchezaji atakapojua kwa nini matajiri wa sukari walilala na bunduki chini ya mto.

Nimeulizwa mara nyingi kama mtu mwenye maoni haya anaweza kuendelea kulicheza. Naendelea, na nitaendelea. Kama gemu la kupanga, sijaona lililolizidi. Nalipa alama za juu kwa biashara, za kati kwa vita, na kwa kazi ya mashamba nalipa sifuri.

Anayetaka kulijaribu asihangaike kutafuta diski za 1994. Liko FreeCol, lililojengwa upya na watu wa kujitolea kwa kufuata sheria za lile la kwanza. Ni la bure, linahitaji Java tu, na kompyuta ya kawaida ya ofisini inaliendesha. Anza na Mholanzi, ngazi ya chini kabisa. Usiuze miwa ghafi. Jenga shule mapema, mtafute Stuyvesant, waache wenyeji na vijiji vyao. Na kama wewe ni kijana unayejua kuandika programu, msimbo wa FreeCol uko wazi na sheria zake nyingi zimo kwenye faili za XML anazoweza kuzibadilisha yeyote. Tuandikie Haiti. Sisi wa Barabara ya Nane tuko tayari kuijaribu.